Ukanda wa Kikapu

Katika nyumba ya Muriuki, kopo la mafuta ya mtoto halikuwahi kufungwa kifuniko tangu mtoto azaliwe, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Chepngeno aonekane mchafu. Mgeni akiingia chumba cha nyuma aliliona likiwa wazi juu ya rafu, limefunikwa kitambaa tu, akakunja pua. Hakuna aliyejiuliza kifuniko hufunguliwaje na mtu mwenye mkono mmoja. Mtu huyo hulibana kopo katikati ya magoti, na mwanamke aliyebana kopo magotini hana kiungo kingine cha kumshikia mtoto.

Mkono wa kulia wa Chepngeno uliishia kwenye kifundo. Mashine ya kuchuna majani chai iliuchukua katika shamba la kampuni alikokuwa kibarua, mwaka mmoja baada ya kuolewa. Kampuni ililipa fidia, na fidia hiyo ndiyo iliyojaza magunia ya maharagwe na mahindi katika duka la mumewe mjini Kericho. Wakati wa kununua magunia hakuna aliyesema kwamba amebaki na mkono mmoja. Maneno hayo yalianza mtoto alipozaliwa.

Kwa hiyo akajipangia chumba. Wenye nafasi hupanga chumba cha mtoto kwa rangi na picha za wanyama. Chepngeno alikipanga kwa kupapasa, akiwa bado mjamzito, akijaribu kila kitu na paketi ya unga iliyofungwa leso mahali pa mtoto. Meza ilitengenezwa kwa kimo cha kiuno chake, ikawekwa pembeni, ukuta nyuma yake na ukuta upande wa kulia, upande ule usio na kiganja. Beseni lilikaa ndani ya tundu lililokatwa kwenye ubao ili lisiteleze. Chupa ya maji moto, ile ya kubonyeza juu, ilifungwa kwa waya kwenye mguu wa rafu. Nepi za kitambaa alizishonea vipande vya kunata alivyovibandua kwenye viatu vya watoto vya mtumba, kwa sababu pini nayo inataka mikono miwili. Hata leso ya kumbebea mtoto ilikuwa na kitanzi upande mmoja na kifungo kikubwa cha mti upande wa pili. Kila kitu kilikaa kushoto, kila siku mahali pale pale, na stima ikipotea aliendelea na kazi yake bila kuitafuta taa.

Kisha kulikuwa na ukanda. Ulikuwa ukanda wa kikapu chake cha kuchunia majani, mpana, mweusi kwa jasho la mabega yake mwenyewe. Muriuki alipigilia ncha moja kwenye meza upande wa ukutani, ncha nyingine akaitia kulabu ya kunasa kwenye msumari wa mbele. Mtoto akilazwa, Chepngeno aliuvuta ukanda mara moja kwa mkono wa kushoto, ukampita mtoto tumboni, kulabu ikanasa, na mkono ukawa huru. Muriuki alipomaliza kupigilia aliujaribu kwa ile paketi ya unga, akacheka, akamwambia mkewe, "Wewe ungesoma, ungekuwa injinia." Siku hiyo alikuwa mume.

Mama mkwe, Gathoni, alifika kutoka Fort Ternan Ijumaa mchana akiwa na kuku, kabichi na mkungu wa ndizi za kupika. Alikuwa mjane mwenye nguvu, mzoefu wa ng'ombe na watoto, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Alikuja kwa sababu kesho yake akina mama wa kanisa wangekuja kumwona mtoto. Zamu ya nyumba hii ilikuwa imeahirishwa na kuahirishwa, mtoto akafikisha miezi mitano, akajua kujigeuza kifudifudi, ndipo wakapata nafasi.

Mtoto alibeba jina la nyanya yake, maana kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba. Gathoni hakumwita mjukuu. Alimwita "mimi". Chepngeno, Mkipsigis wa Bomet, alimwita Cherotich, kwa kuwa alizaliwa saa ng'ombe wanaporudi nyumbani. Lakini alimwita hivyo wakiwa wawili tu, tena kwa sauti ya chini.

"Mimi niko wapi?" Gathoni aliita kabla hajatua mkungu. "Nileteeni mimi nijione!"

Akaingia chumba cha nyuma, akamkuta mtoto mezani na ukanda tumboni, akipiga miguu na kucheka, mama yake akikamua kitambaa kwa mkono mmoja ukingoni mwa beseni.

"Haiya! Hii ni nini? Mnafunga mtoto kama ndama?"

"Ni ya kumzuia asianguke, mama. Nikishika nepi siwezi kumshika yeye."

"Mimi nimelea watoto sita na sikufunga hata mmoja."

"Ulikuwa na mikono miwili, mama."

Alilisema kwa upole, lakini lilikuwa limeshatoka. Gathoni akakitazama kile kigutu, akatazama pembeni haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu.

"Hiyo ni ukweli," akasema. "Si kosa yako. Lakini kesho kina Magdaline wanakuja. Wataona hii kitu waseme nini? Eti jina yangu imefungwa na kamba?"

Muriuki alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kumpokea mama yake. Aliyasikia yote. Alikuwa na nafasi nzuri ya kusema kwamba ukanda aliupigilia yeye na kwamba unafanya kazi. Alitoa simu mfukoni akaanza kuitazama.

Jumamosi asubuhi, wanawake wakiwa jikoni, Muriuki aliingia chumba cha nyuma na nyundo. Aling'oa msumari wa ukutani, akaukunja ukanda, akautia mfukoni mwa koti. Tumpe haki yake: hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu mchana mmoja upite bila kundi zima la wanawake kwenda kusimulia sokoni kwamba mtoto wa mwenye duka anafungwa kamba. Angeurudisha jioni. Akaenda nao dukani, akauza maharagwe, akasahau.

Akina mama waliingia wakiimba, wamevaa leso za sare, Magdaline mbele. Magdaline ndiye mwenyekiti wao, na ni jirani wa ploti hiyo hiyo, nyumba ya pili. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, naye kabla hata ya kusalimia aliinua simu akapiga picha. "Ya before," aliwaambia wenzake, akacheka.

Desturi yao ni kwamba wakienda kuona mtoto hawakai mpaka wafanye kazi: wafue, wapike uji, wateke maji, wapange nyumba ili mzazi apumzike. Ni desturi njema. Watu wema, Mungu awasaidie, hawaingii nyumba ya mtu mikono mitupu, wala hawatoki wakiwa wameiacha kama ilivyokuwa.

"Mama Gathoni, leo wewe ukae tu," Magdaline alimwambia Chepngeno, akimwita kwa jina la mtoto, akamkalisha kwenye kiti na soda. "Leo ni siku yako ya kupumzika."

"Asante, mama. Ila huko nyuma msisumbuke. Nimepanga vile naweza."

"Tunaona vile umejaribu."

Chepngeno akasikia miguu ya meza ikiburutwa sakafuni. Akainuka.

"Hiyo meza tafadhali msisongeze."

"Usijali, dada. Tunaiweka kwa dirisha mtoto apate jua. Hapo kwa kona kuna baridi, atapata nimonia."

"Kaa, Chepngeno," Gathoni alimwambia kwa sauti ya chini. "Usikatae mkono ya watu mbele ya watu."

Akakaa. Soda ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa upande wake wa kulia. Mtoto alikuwa akipitishwa kutoka paja hadi paja kama sahani ya sadaka, naye alicheka na kila mtu.

Walipomaliza walimwita aone. Chumba kilikuwa kizuri; hilo hakuna wa kulipinga. Meza ilikuwa chini ya dirisha, mbali na kuta zake, imetandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya zambarau. Lile beseni lililokaa kwenye tundu lilikuwa limetolewa, na mahali pake pakawekwa jipya la waridi lisiloingia. Nepi zilikunjwa vizuri katika sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Chupa ilifunguliwa waya wake ikapelekwa jikoni. Na kopo la mafuta, lililopanguswa likang'aa, lilikuwa limefungwa kifuniko kwa nguvu ya mwanamke aliyezoea kubeba debe kichwani.

"Sasa hii ni chumba ya mtoto," Magdaline alisema, akapiga picha nyingine.

Wakamzunguka wakaomba. Katika maombi Magdaline alimtajia Mungu mambo mengi, na mojawapo lilikuwa "huyu dada yetu na kilema chake, Baba, umpatie mtu wa kumsaidia." Akina mama wakaitika amina, na wengine wakamgusa begani, upande wa kulia. Chepngeno aliinamisha kichwa. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka, na aliona aibu kwa kuwa na hasira. Jioni picha zote mbili zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na watu waliweka mikono ya kushukuru.

Wageni walipotoka, Chepngeno alishika ukingo wa meza airudishe.

"Wacha kwanza," Gathoni alisema. "Magdaline akipita hapo kesho aone ulikataa kazi yao? Mpaka Jumatatu, utafanya vile unataka."

Meza ikabaki dirishani. Jioni hiyo mtoto alibadilishwa kitandani, nyanya akishika miguu. Muriuki alirudi kutoka dukani, akala, akalala.

Jumapili asubuhi Gathoni alitoka kwenda kuoga bafuni nje, na mtoto akajichafua. Chepngeno alimchukua akamlaza mezani, maana miguu yake ilimpeleka kwenye meza kabla kichwa hakijauliza meza iko wapi. Akaweka kigutu juu ya kifua cha mtoto, akapeleka mkono wa kushoto kuvuta ukanda. Mkono ukashika ua la zambarau. Akafikiri ukanda umefunikwa na kitambaa. Akainama kidogo kuuchungulia chini, na mtoto, aliyekuwa amejifunza jambo jipya na kulifurahia, akajigeuza kuelekea ule upande ambao siku zote ulikuwa na ukuta.

Kitambaa kilikuwa cha nailoni. Kiliteleza pamoja naye. Chepngeno alirusha mkono wa kulia kumdaka, na mkono huo ulifika, ila haukuwa na cha kudakia.

Ulikuwa umevunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba wa begani. Daktari kijana hospitalini alisema mifupa ya watoto huunga upesi, wamshukuru Mungu hakuangukia kichwa.

"Alianguka aje?" akauliza.

"Kutoka kwa meza."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi," Chepngeno akasema.

Daktari akakitazama kigutu. Kisha, bila ubaya wowote, akamgeukia Gathoni akaanza kumweleza yeye jinsi ya kumfunga mtoto mkono kifuani na jinsi ya kumvalisha. Gathoni akaitikia kwa kila neno. Mama wa mtoto alisimama kando, ameshika mkoba.

Walipofika nyumbani hakuna aliyeketi. Mtoto alilala mikononi mwa nyanya yake, amefungwa bandeji, anasinzia kwa kwikwi.

"Ukanda haukuwa hapo," Chepngeno akasema. "Kila siku uko hapo. Nani alitoa ukanda?"

Alimtazama mumewe. Muriuki alikuwa amevaa koti lile lile la jana. Akatia mkono mfukoni, akaugusa ukanda, akautoa mkono ukiwa mtupu.

"Sijui," akasema. "Labda ni wale wamama."

"Hata kama ukanda ungekuwa," Gathoni akaingilia. "Mtoto anashikwa na mtu, hashikwi na kamba. Mimi sikuchukii, Chepngeno. Mungu anajua sikuchukii. Lakini naenda na mimi yangu Fort Ternan mpaka huyu mtoto atembee."

"Ananyonya, mama."

"Maziwa iko. Ng'ombe wawili wanakamuliwa. Wewe utakuja unamwona."

"Muriuki," Chepngeno akasema. "Ongea."

Muriuki akasafisha koo. "Si ni ya muda tu? Kwanza mfupa upone."

"Hii mkono ndio ilijaza duka. Siku hiyo hamkusema ni mmoja."

"Usilete hayo mambo mbele ya mama."

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kukaa mlangoni. Lakini mtoto aliguna katika usingizi, bandeji ikasogea, na Chepngeno akasikia tena mlio ule wa kitu laini kikigonga sakafu ya simiti. Hawakumshinda kwa nguvu. Walimshinda kwa sababu siku hiyo yeye mwenyewe aliwaamini. Akazifungasha nguo za mtoto kwa mkono wake mmoja, akampa Gathoni na ile leso ya kitanzi.

Nyumba ikawa kimya. Maziwa yalijaa matiti mpaka yakauma, akawa anayakamua kwenye kikombe na kuyamwaga sinki. Meza aliirudisha pembeni akiisukuma kwa nyonga. Akarudisha beseni kwenye tundu lake, akafunga tena chupa kwa waya, akalibana kopo la mafuta kwa magoti akalifungua na kukitupa kifuniko. Alikuwa akipanga chumba cha mtoto asiyekuwepo, na majirani waliosikia meza ikiburutwa walisikitika, wakasema amechanganyikiwa kidogo.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Aliutafuta ukanda chini ya kitanda, nyuma ya magunia, hata kwenye shimo la taka. Muriuki alimwona akitafuta.

"Wewe na huo ukanda!" alisema, akitafuna. "Kwani ni ya dhahabu?"

Chepngeno alipotaka kwenda Fort Ternan, mumewe alimzuia. Mtoto akimwona atalia, alisema, atamshikilia, itakuwa kumsumbua tu, angoje azoee. Gathoni alipopiga simu, Muriuki aliweka sauti kubwa ili mkewe asikie mtoto akitoa vijisauti kwa mbali. Siku moja nyanya alilalamika: mfupa ulikuwa umeshaunga, na mtoto alijigeuza geuza kama samaki akibadilishwa, naye magoti yake siku hizi yalikuwa yamekataa kupigwa chini kila saa. "Nitakuja, mama," Muriuki akasema. Alhamisi alifunga duka akaenda, akasema anafuata mahindi. Alirudi bila mahindi.

Siku iliyofuata Magdaline alikuja na sufuria ya uji, kumpa pole tena. Alikuwa mwenye huruma ya kweli, na huruma yake ilizungumza sana. Chepngeno alimwacha amalize, akamuuliza bila kupandisha sauti kama katika kupanga kwao waliona ukanda mweusi mahali.

"Ukanda? Ukanda gani?"

"Ulikuwa umepigiliwa kwa meza. Upande wa ukuta."

"Sisi hatukutoa ukanda, dada. Kwa jina la Yesu." Magdaline aliumia kweli. Akatoa simu, akapekua mpaka akafika kwenye ile picha ya kwanza. "Angalia. Hii nilipiga kabla hata hatujasalimia. Uko wapi?"

Chepngeno akaipokea simu. Ile picha iliyomwaibisha mbele ya kanisa zima, yenye kopo wazi na waya na ubao uliotobolewa, ilikuwa safi kabisa. Meza ilikuwa pembeni. Msumari wa mbele ulionekana. Upande wa ukutani, mahali pa msumari wa pili, palikuwa na tundu jipya, jeupe. Nyumba hiyo ilikuwa na nyundo moja, na nyundo hukaa chini ya kiti cha dereva katika pikapu ya Muriuki.

"Asante, mama," akasema, akarudisha simu.

"Umepata?"

"Bado."

Jumapili, Muriuki alipoenda ibada ya kwanza, Chepngeno hakwenda kanisani. Alifika Fort Ternan jua likiwa limepanda, kule ambako baridi ya majani chai imekwisha na miwa inaanza kuonekana bondeni. Gathoni alikuwa zizini na ndoo. Alishtuka kumwona, kisha akafurahi, na furaha hiyo haikuwa ya uongo.

"Umekuja! Ingia, ingia. Mimi yuko ndani, amelala vizuri. Sasa hata naweza kukamua bila wasiwasi."

Chepngeno akaingia. Katika chumba cha nyanya kulikuwa na meza mpya ya mbao nyeupe, lakini aliijua. Ilikuwa ya kimo cha kiuno chake yeye, si cha Gathoni aliye mrefu. Ilikuwa pembeni, ukuta nyuma na ukuta kulia. Beseni lilikaa ndani ya tundu. Chupa ilifungwa kwa waya. Mtoto alikuwa macho, amelala chali katikati ya vitu hivyo vyote, anatafuna kidole, na juu ya tumbo lake ulikuwa ukanda mweusi wa kikapu, umepigiliwa upande wa ukuta, kulabu imenasa mbele.

"Si ni kitu ya maana?" Gathoni alisema nyuma yake, akijipangusa mikono. "Mimi nilikuwa nasema ni kama ndama. Kumbe! Muriuki alikuja Alhamisi akanitengenezea yote na mkono yake. Huyo kijana ana akili, sijui alitoa wapi. Ila sielewi kwa nini aliweka vitu yote upande ya kushoto. Mimi natumia kulia. Na hii mafuta alisema nisifunge kifuniko, hata yeye hakujua ni kwa nini."

Chepngeno aliisogelea meza. Matiti yalikuwa yamelowesha blauzi. Akafungua kulabu, akamnyonyesha mtoto amesimama, na mtoto akanyonya huku akimtazama machoni, hakulia hata kidogo. Kisha akamlaza tena, akavuta ukanda, akaanza kumbadilisha. Mkono haukutafuta kitu. Kitambaa kilikuwa pale, maji yalikuwa pale, mafuta yalikuwa pale. Muriuki hakusahau hata kimoja. Gathoni alisimama akitazama mkono ule mmoja ukienda na kurudi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mkaza mwanawe akifanya kazi hiyo mpaka mwisho bila mtu kumpokonya.

"Alikuambia ukanda alipata wapi?" Chepngeno akauliza.

Gathoni akatazama dirishani.

"Sikumuuliza."

"Siku ile ulikuwa umesimama hapo hapo, mama. Nilimuuliza nani ametoa. Ulisikia vile alisema."

"Nilisikia."

"Na ulipouona Alhamisi?"

Mwanamke yule mzee alijipangusa tena mikono iliyokuwa imeshakauka. Alikuwa mtu wa kusema kweli, na kweli hii ilimkwama. "Ni mtoto wangu," akasema hatimaye. "Ningefanya nini?"

"Hata huyu ni wangu."

Chepngeno aliitandaza leso ya kitanzi mezani, akamlaza mtoto juu yake, akageuka akaegemea meza kwa mgongo. Kimo kilikuwa sawasawa. Akaivuta leso chini ya kwapa, akainama, kitanzi kikaingia kwenye kifungo cha mti kifuani. Alijinyoosha, na mtoto alikuwa mgongoni, ametulia.

"Unampeleka wapi?" Gathoni akauliza. "Chepngeno. Hiyo ni mimi unabeba."

"Wewe umesimama hapo, mama. Huyu anaitwa Cherotich." Alilitaja jina kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. "Tunaenda kwetu Bomet."

"Na Muriuki nimwambie nini?"

Chepngeno alikuwa ameshafika mlangoni. Huko Bomet hakukuwa na meza ya kimo chake, wala tundu la beseni, wala mtu aliyemngoja. Angeanza kupapasa upya. Alifikiri kuurudia ukanda, maana ulikuwa wake, umelowa jasho lake. Lakini ulikuwa umepigiliwa kwa misumari mirefu, na angehitaji mtu wa kumshikia meza.

"Mwambie ule ukanda aliosema hajui uko wapi, umepatikana."

Akashuka njia ya miwa bila kuharakisha. Gathoni alibaki chumbani muda mrefu, mbele ya meza iliyopangwa vizuri, kila kitu kushoto. Halafu, kwa kukosa la kufanya, akalichukua lile kopo la mafuta lililokuwa wazi, akatafuta kifuniko chake, akalifunga kwa mikono yote miwili.